Vyuo vikuu na mikutano ya kilele: kazi iko kabla na baada

Viongozi wa G7 au G20, makundi ya nchi zenye uchumi mkubwa, wanapoketi mezani, tamko lao la pamoja huwa limeshaandikwa karibu lote. Limeandaliwa na wawakilishi wao wanaoitwa Sherpa, ambao kwa miezi kadhaa wamevutana juu ya aya, sentensi na wakati mwingine neno moja. Mhadhiri anayewasili siku ya ufunguzi akiwa na andiko la kurasa arobaini anakuta shughuli imekwisha. Atapiga picha ya kuweka kwenye tovuti ya chuo, basi.

Wasomi huwa na nguvu zaidi mapema, pale swali lenyewe linapozaliwa. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walieleza jinsi gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, zinavyoweza kuharibu tabaka la ozoni. Hakuna serikali iliyowatuma, na wenye viwanda waliwapinga. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakaripoti kwamba ozoni ya juu ya Antaktika imepungua vibaya, na Itifaki ya Montreal ikapitishwa mwaka 1987. Kutoka andiko hadi mkataba ni miaka 13, na ufadhili wa utafiti wa miaka miwili miwili hauvumilii safari ya namna hiyo.

Mfano wa karibuni unanivutia zaidi, kwa sababu walioanza ni wanafunzi. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, kwenye kampasi yake ya Vanuatu, nchi ndogo ya visiwa, walitaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki iulizwe: sheria inazidai nini nchi kuhusu mabadiliko ya tabianchi? Mwanafunzi hawezi kuipelekea mahakama hiyo swali. Wala chuo hakiwezi. Maoni ya ushauri huombwa na vyombo vya Umoja wa Mataifa vyenye idhini. Ikabidi waishawishi serikali ya Vanuatu, nayo ikatafuta wenzake, hadi tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuiuliza mahakama swali hilo bila kupiga kura. Mahakama ilitoa maoni yake tarehe 23 Julai 2025: nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda mfumo wa tabianchi, na inayouvunja inaweza kuwajibika, hata kwa kulipa fidia. Maoni ya ushauri hayafungi kama hukumu, lakini kila mwanasheria wa serikali sasa atalazimika kuyasoma. Chuo kilileta fikra, serikali ikaleta kiti, na kila upande ulihitaji kile ambacho haukuwa nacho.

Baada ya mkutano kuna kazi isiyo na sherehe, nayo ni kuhesabu ahadi. Kikundi cha utafiti wa G7 cha Chuo Kikuu cha Toronto kilianzishwa mwaka 1987. Wanafunzi wake huchambua ahadi zilizomo kwenye matamko, kisha huipa kila nchi alama: +1 ikitimiza, 0 ikitimiza nusunusu, na -1 ikishindwa. Kazi hii inahitaji uvumilivu kuliko fedha. Tangu Septemba 2023 Umoja wa Afrika ni mwanachama wa kudumu wa G20, kwa hiyo vyuo vya Afrika vina sababu ya kuwa na daftari lao wenyewe kuhusu madeni na kodi. Tunapenda mno makongamano. Daftari la namna hii ni wachache wanaolifungua.

Msaada mwingine ni kwa wajumbe wa nchi ndogo. Kwenye mikutano ya tabianchi vikao vingi hufanyika kwa wakati mmoja, na ujumbe wa watu watano hauwezi kuwa kila chumba. Mtafiti anayejua kifungu kimetoka wapi na nani alikipinga miaka ya nyuma ana thamani kubwa hapo. Ila mwenye kuuandikia ujumbe hoja zake asiwe ndiye anayeupa alama baadaye. IPCC, jopo la kiserikali la mabadiliko ya tabianchi, limechora mpaka wake waziwazi: wanasayansi, ambao jopo haliwalipi, huandika ripoti, na serikali hupitisha muhtasari mstari kwa mstari, lakini haziruhusiwi kuandika upya sura za ripoti yenyewe.

Kikwazo kinachosahaulika kiko ndani ya vyuo. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala za majarida ya kitaaluma. Waraka wa kurasa mbili uliomsaidia mjumbe kuokoa kifungu usiku wa manane kwa kawaida haumpi alama yoyote. Chuo kinachotaka kusikika kwenye meza hizo kinaweza kuanza na kamati yake ya kupandisha vyeo, kabla ya kununua tiketi ya ndege.