Jana alikuwa sawa, leo amechanganyikiwa: mgonjwa wa dimensia anayeishi peke yake

Dimensia ni nini?
Ni ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kuamua mambo, polepole, kwa miezi na miaka. Si uchawi, na si kila mzee huupata. Shikeni neno hilo "polepole", ndilo ndugu wengi wanaloliruka.

Mama yetu ana dimensia, anaishi peke yake Mbagala, Dar es Salaam. Tangu juzi anaongea visivyoeleweka. Si ndiyo ugonjwa wake unazidi?
Hapana. Dimensia haizidi ghafla kati ya Jumatatu na Jumatano. Aliyewatambua juzi na leo hawatambui, au anasinzia mchana kutwa, ana jambo jingine: malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, kiharusi, kukaukiwa maji katika joto la Februari, au sukari imeshuka. Hospitali, leo. Msisubiri kikao cha ukoo Jumamosi.

Lakini hana homa.
Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na mwili usipate joto. Hospitali, leo hii hii.

Sukari itashukaje na yeye ni mgonjwa wa kisukari?
Kwa dawa. Anameza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, asubuhi, anasahau, anameza tena, halafu anasahau kula. Kama yuko macho na anaweza kumeza bila kupaliwa, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, mpimeni sukari baada ya dakika 15, na ikiwa bado chini ya 4 (mmol/L) mpeni tena. Kisha ale. Kisha aende hospitali hata kama amezinduka na anacheka, kwa sababu dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na sukari huweza kushuka tena usiku, akiwa amelala peke yake. Akiwa hajitambui, msimtie chochote mdomoni, mkimbizeni.

Tumnunulie kwanza kitu cha kumtuliza duka la dawa?
Tafadhali, msifanye hivyo. Piriton na Valium humzidishia kuchanganyikiwa, na humwangusha akienda chooni usiku.

Sisi tuko Kimara na kazi zetu. Nani amwangalie?
Mpangaji mwenzake, au mama wa genge, bora awe mmoja na amwone kila siku kabla ya saa mbili asubuhi. Amtazame machoni, amuulize amekula nini, akague kama ndoo ya maji ya kunywa imepungua. Dawa abaki nazo mtu huyo, ampe za siku hiyo tu. Zile bahasha ndogo za karatasi zilizoandikwa "1x2" zinafanana zote, hata mwenye akili timamu huzichanganya. Namba zenu ziandikwe ukutani kwa kalamu nene, maana simu yake mara nyingi haina chaji. Na mwombeni daktari apunguze idadi ya dawa, hasa hiyo glibenklamidi ibadilishwe.

Twende na nini hospitali?
Bahasha zote za dawa, hata tupu, kadi ya kliniki, na huyo anayemwona kila asubuhi. Mjukuu aliyemwona mara ya mwisho Sikukuu ya Idi atajibu tu "huwa anasahau", na mgonjwa anarudishwa nyumbani na malaria yake. Anayemjua aseme mara tu wanapofika: "Juzi alijipikia uji na kunitaja jina. Leo hanijui."