Je, wajua? Kocha wa ulinzi wa NFL anaweza kufika kileleni bila kuwahi kuicheza NFL

Wengi wanaotazama NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huamini kwamba anayepanga ulinzi lazima awe beki mstaafu, mtu aliyegongana na wenzake miaka kumi, magoti yakachoka, akahamia pembeni mwa uwanja. Imani hiyo inaeleweka, kwa sababu mchezo wenyewe ni wa miili mikubwa na maumivu, na akili hukataa kwamba asiyeonja maumivu hayo anaweza kuwaamuru walioyaonja.

Lakini mtazame Vic Fangio, kocha maarufu wa ulinzi. Hakucheza NFL hata siku moja. Alianzia ukocha katika shule ya sekondari ya mji wake wa Dunmore, Pennsylvania, akawa msaidizi mdogo Chuo Kikuu cha North Carolina, kisha mwaka 1984 kocha Jim Mora akamchukua katika ligi ya USFL, ambayo haikudumu. Mora alipohamia timu ya NFL ya New Orleans Saints mwaka 1986, alikwenda naye. Huko Fangio alikabidhiwa malainibeka, wale walinzi wa safu ya kati. Wanne kati yao, Rickey Jackson, Sam Mills, Vaughan Johnson na Pat Swilling, waliteuliwa wote kwenye kikosi cha nyota wa ligi kwa msimu wa 1992. Hao ndio walifundishwa na mtu ambaye hajawahi kuvaa jezi ya ligi hiyo.

Kocha Bill Belichick naye alicheza katika chuo kidogo cha Wesleyan, akaishia hapo. Mwaka 1975 aliingia Baltimore Colts kwa mshahara wa dola 25 kwa wiki, kazi yake kuchambua filamu za wapinzani. Alifika kuwa mratibu wa ulinzi wa New York Giants, yaani mkuu wa upande wote wa ulinzi. Mpango wake wa fainali ya Januari 1991, ambayo Giants walishinda 20-19 dhidi ya Buffalo Bills, umehifadhiwa katika jumba la kumbukumbu la mchezo huo mjini Canton, Ohio.

Linaloshangaza zaidi ni kwamba hata baadhi ya nyota hawaruki ngazi hiyo ya chini. DeMeco Ryans alicheza misimu kumi na mwaka 2006 alitajwa mlinzi bora chipukizi. Alipoingia ukocha San Francisco 49ers mwaka 2017, alianza na kazi ya chini kabisa: kuchambua video na kuandaa ripoti. Mwaka uliofuata alipewa malainibeka, mwaka 2021 akawa mratibu wa ulinzi, na mwaka 2023 akawa kocha mkuu wa Houston Texans.

Kwa nini mlango wa kuingilia uwe chumba cha video?

Mfikirie kipa anayesubiri mikwaju ya penalti, aliyebandika karatasi kwenye chupa yake ya maji: namba 9 hupiga kushoto, namba 7 husubiri kipa aanguke kwanza. Karatasi haimhakikishii kudaka, ila inamwondolea mashaka fulani kabla mpira haujapigwa. Sasa mpe kipa huyo mikwaju sitini kwa mchezo mmoja, kila mmoja ukiwa na wachezaji kumi na mmoja wanaobadili mpangilio. Hiyo ndiyo kazi ya kocha wa ulinzi. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kwa kila jaribio msaidizi wa video huandika: ni la ngapi, yadi ngapi zimebaki, wapokeaji wa pasi wangapi wako kulia, nani amehama kabla mpira haujaanza, na mwishowe mpira ulikwenda wapi. Akirudia hivyo kwa michezo kadhaa ya mpinzani, mazoea hujitokeza. Ikiwa ni jaribio la tatu, zimebaki yadi 7, wapokeaji watatu wako kulia, basi mara nyingi hurusha mpira mahali fulani.

Mratibu wa ulinzi huyatumia mazoea hayo akibanwa na saa. Tangu 2008 mlinzi mmoja ana redio kwenye helmeti, na sauti ya kocha hukatika zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha jaribio. Hakuna muda wa kutafuta jibu kwenye karatasi; lazima liwe kichwani tayari, na aliyelala na video miaka mitatu ndiye analo.

Hii haina maana kwamba kucheza hakusaidii. Kati ya video na uratibu kuna ngazi ya kufundisha kundi moja, mahali ambapo kocha hurekebisha hatua ya mguu na mkao wa bega, na hapo aliyewahi kucheza huaminiwa haraka. Dick LeBeau alinasa pasi 62 za wapinzani akiwa mchezaji wa Detroit Lions kabla ya kuwa mmoja wa waratibu wabunifu zaidi. Tena bidii peke yake haielezi kila kitu: baba yake Belichick alikuwa kocha, na Fangio alibebwa na Mora. Kazi hizi hupatikana sana kwa kujuana.

Wala kupanda si kudumu. Mratibu wa ulinzi Steve Wilks aliondolewa 49ers mwaka 2024, siku chache tu baada ya timu kucheza fainali. Fangio alipata ukocha mkuu Denver akiwa na miaka 60, akafukuzwa baada ya misimu mitatu, akarudi kuwa mratibu.

Februari 2025, akiwa Philadelphia Eagles, alikutana na Kansas City Chiefs ya Patrick Mahomes, mrushaji wao wa pasi, katika fainali. Wapinzani nao huchambua video, kwa hiyo Fangio huwaweka mabeki wawili wa nyuma kabisa katika mkao uleule, kisha huwahamisha mpira unapoanza, ili picha ya awali isimwambie mrushaji chochote. Siku hiyo hakutuma walinzi wa ziada kumkimbiza Mahomes. Wanne walitosha kumwangusha mara sita pamoja na wenzao saba waliobaki nyuma kuziba njia za pasi. Hadi mapumziko ilikuwa 24-0, na Eagles walishinda 40-22.