Kukojoa damu si kubalehe
Huku Misungwi na Kwimba, mkoani Mwanza, mvulana akikojoa damu bado utasikia, "Mwacheni, anakuwa mwanaume." Na dada yake anayekojoa damu vilevile, naye anakuwa mwanaume? Mara nyingi hicho ni kichocho cha mkojo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu kuzunguka kibofu. Mayai hutoboa ukuta wa kibofu yapate kutoka, ndiyo maana damu huonekana zaidi mwishoni mwa haja ndogo. Wengi hulilaumu Ziwa Victoria, lakini konokono wanaoeneza kichocho hiki hupenda malambo na majaruba ya mpunga. Ziwani hutawala kichocho cha tumbo. Dawa ni prazikwanteli, hutolewa kwa uzito au kimo. Kichocho cha mkojo kikiachwa miaka mingi, mirija ya mkojo huweza kuziba, figo zikaharibika, hata saratani ya kibofu ikafuata.