Je, wajua kwa nini Kiingereza cha kazi humpotosha zaidi anayejua Kifaransa?

Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayeagiza vipuri vya lori kutoka Ndola nchini Zambia au Johannesburg huiandika barua yake ya Kiingereza bila hofu kubwa, kwa sababu maneno mengi anayoyahitaji ameyazoea tangu shuleni: "commerce", "finance", "client", "budget". Kisha anataka kujua mzigo wake utachukua siku ngapi kufika, na kwa kuwa Kifaransa kimemzoeza neno "délai", anauliza: "What is your delay?" Muuzaji wa upande wa pili anasoma na kushangaa, maana kwake "delay" ni kuchelewa, na hapa kuna mteja ambaye hajalipa hata senti lakini tayari anataka kuambiwa atacheleweshewa mzigo kwa muda gani. Kilichotakiwa kuandikwa ni "delivery time", au "deadline" ikiwa jambo lenyewe ni siku ya mwisho ya kutimiza ahadi.

Mtu wa Dodoma au Mombasa hawezi kufanya kosa hili kwa urahisi, kwa sababu hana Kifaransa cha kumponza. Hapa Lubumbashi, ambako biashara na Zambia hupitia mpaka wa Kasumbalesa kila siku na ambako Kiingereza kimezidi kuhitajika tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, aliyesoma Kifaransa vizuri ndiye hasa anayejikwaa. Inakuwaje lugha mbili zikae karibu hivi, kisha ziachane pale pale penye fedha?

Chanzo ni vita. Mwaka 1066, William, mtawala wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, alivuka bahari na jeshi lake, akamshinda mfalme Harold katika mapigano ya Hastings, akavaa taji la Uingereza. Kwa karne tatu hivi zilizofuata, Kifaransa kilikuwa lugha ya ikulu, ya mahakama, ya wenye ardhi na ya wanaokusanya kodi, wakati wakulima na mafundi waliendelea kusema Kiingereza chao. Mambo yalichanganyika kiasi kwamba Bunge lilipoamua mwaka 1362 kuwa kesi zijadiliwe kwa Kiingereza, sheria yenyewe iliyotoa amri hiyo iliandikwa kwa Kifaransa.

Alama ya utawala huo ingali ndani ya Kiingereza cha ofisini hadi leo. Maneno ya kutoka jasho, kama "work" na "earn", ni ya wenyeji. Maneno ya kuhesabu, kukopesha na kutoza, kama "profit", "account", "rent", "debt" na "tax", yaliingia pamoja na mabwana wapya au nyuma yao. "Business" ni la wenyeji pia, nalo zamani lilimaanisha wasiwasi na pilikapilika za mtu mwenye shughuli nyingi, maana ambayo mwenye duka yeyote ataikubali bila ubishi. Mkaaji wa Lubumbashi hana haja ya kwenda mbali ili kuelewa mgawanyo huo. Kazi yake huiita kazi, lakini karatasi aliyoitia saini huiita "contrat", likizo yake "congé", nyongeza yake "prime" na mkuu wake "directeur". Aliyeleta ofisi ndiye aliyeleta majina ya vitu vilivyomo ofisini, na hilo ni kweli kwa Waingereza wa karne ya 12 kama lilivyo kweli kwetu.

Wanormandy hawakusema Kifaransa kama cha Paris. Mahali ambapo Paris walitamka "g", wao mara nyingi walitamka "w", na Kiingereza kilichukua matamshi yao. Ndiyo maana "guerre" ya Wafaransa ni ndugu wa "war", "garantie" ni ndugu wa "warranty", na "gage", yaani rehani au dhamana, ni ndugu wa "wage", ambao ni ujira. Kampuni inapomwajiri mtu, Kifaransa husema "engager", na ndani ya kitenzi hicho limo "gage" lile lile. Kwa hiyo anayepokea "wages" upande wa Zambia na "engagé" wa upande wetu wameshikwa na neno moja, ingawa hawatambuani.

Maneno mengine yalivuka bahari zaidi ya mara moja. "Bougette" ilikuwa mfuko mdogo wa ngozi katika Kifaransa cha kale. Waingereza waliuchukua mfuko huo, wakauita "budget", na kufikia karne ya 18 waziri wao wa fedha alisemwa kuwa "anaufungua" kila alipoliambia Bunge mapato na matumizi ya serikali. Wafaransa walipolichukua tena neno hilo, lilikuwa limekwisha kusahau ngozi na kujaa hesabu. Kiswahili kimelipata kwa mkono wa Waingereza, kwa sura ya bajeti, lakini mtu wa Lubumbashi akisema "budget" hulitamka kwa Kifaransa.

Inafaa kutaja, japokuwa ni kando kidogo ya njia, kwamba Kiswahili nacho kina mabwana wake wa zamani katika mambo ya fedha, na hao ni Waarabu. Mshahara umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi, kwa hiyo ni malipo ya kila mwezi kwa asili yake, wakati "salary" na "salaire" zinatokana na Kilatini "salarium", neno lililojengwa juu ya chumvi. Hadithi ya kwamba askari wa Roma walilipwa mabonge ya chumvi husimuliwa sana, lakini ushahidi wake ni hafifu. Lililo hakika ni undugu wa maneno hayo mawili. Rasilimali ni tamu zaidi. Kwa Kiarabu ni kichwa cha mali, na "capital" ya Kiingereza na Kifaransa hutoka kwenye neno la Kilatini "caput", ambalo pia ni kichwa. Wafanyabiashara wa Kirumi na wa Kiarabu waliutazama mtaji na kuona kitu kile kile kinachotangulia mwili.

Turudi kwenye maneno yanayodanganya. Ndugu walioachana kwa miaka mia tisa hubaki na sura moja, lakini kila mmoja ana tabia zake. "Bénéfice" ya Kifaransa ni faida inayobaki baada ya gharama, ambayo Kiingereza huiita "profit". "Benefits" za Kiingereza ni marupurupu ya mfanyakazi, kama vile matibabu na usafiri, kwa hiyo atakayeandika kwamba kampuni yake imeongeza "benefits" mwaka huu atakuwa amewaahidi wafanyakazi jambo ambalo pengine hakulikusudia. "Demander" ni kuomba au kuuliza tu, ilhali "demand" ni kudai kwa ukali, na barua nyingi za heshima zimegeuka kuwa vitisho kwa kosa hilo moja. "Patron" wetu ni bosi. Kwa Kiingereza ni mfadhili, au mteja wa hoteli. "Formation" ni mafunzo, ambayo ni "training". "Stage" ya kijana aliyemaliza chuo ni "internship", na akisema kwa Kiingereza kwamba alikuwa miezi sita kwenye "stage", atadhaniwa kuwa mcheza tamthilia.

Neno "exploitation" linastahili kusimamiwa kidogo, kwa kuwa mkoa huu unaishi kwa madini. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 inatoa "permis d'exploitation", na hakuna anayeona aibu kulitaja, kwani "exploiter" ni kuchimba na kuendesha shughuli ili ilete mapato. Kifaransa kina maana ya pili pia, ya kumnyonya mtu, na msikilizaji huichagua kulingana na muktadha. Katika Kiingereza cha leo maana hiyo ya pili imeitia doa ya kwanza. Mwanasheria wa madini ataielewa "exploitation permit" bila shida, lakini mwandishi wa habari atakayesoma kwenye tovuti ya kampuni sentensi kuhusu "our exploitation in Kolwezi" atadhani amepewa ungamo. Salama zaidi ni kuandika "operation" au "mining".

"Motivation" nayo ina historia yake hapa Kongo. Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu ipasavyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi walianza kuwachangia, na mchango huo ukaitwa "prime de motivation"; uliendelea mwaka baada ya mwaka, hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma kuanzia Septemba 2019. Kwa mzazi wa Lubumbashi aliyelipa ada hizo, "motivation" ni noti zinazohesabiwa mezani. Kwa Mwingereza ni hali ya moyoni, ile ari inayomwamsha mtu alfajiri kwenda kazini hata pasipo msimamizi, na fedha haziwezi kuitwa hivyo. Zitaitwa "bonus" au "allowance", na mpango mzima wa kuwavutia watu wafanye bidii utaitwa "incentive". Hili la mwisho lina asili ya kupendeza, kwani kwa Kilatini lilihusu kuanzisha wimbo, kutoka kitenzi cha kuimba. Aliyewahi kuona watu wakivuta kamba nzito huku mmoja akianza wimbo na wengine wakiitikia hahitaji maelezo mengine. Kiswahili kina neno motisha, ambalo huchukua maana zote mbili, ya moyo na ya mfuko, na binafsi naona kwamba hapo kimewashinda wenzake. Kuhusu "lettre de motivation", vyuo vingi vya Ulaya huielewa "motivation letter" katika maombi ya masomo, lakini mwajiri anayesema Kiingereza hutarajia "cover letter".

Neno lenye uzito kuliko yote sasa, kwa sababu limo katika kila ombi la ufadhili na kila ripoti ya kampuni ya madini, ni "sustainable". Mwaka 1987 Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway, ilieleza maendeleo ya namna hiyo kuwa ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Wafaransa walijaribu kwanza "soutenable", ambalo ni ndugu halisi wa neno la Kiingereza, lakini "durable" ndilo lililoenea. Hapo ndipo mtego ulipowekwa, kwa kuwa Kiingereza kina "durable" yake, nayo ni sifa ya kitu kigumu kisichochakaa upesi, kama kiatu cha ngozi au ndoo nzuri. Mfuko wa plastiki unaoziba mtaro wa maji mvua ikinyesha ni "durable" kupindukia, maana hauozi, na ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba si "sustainable" hata kidogo. Anayetafsiri "développement durable" neno kwa neno anaelekea kuahidi maendeleo ya plastiki. Kiswahili kilikwepa mtego huo kwa kuchukua kitenzi cha kuendelea na kukipa umbo la tulivu na sikivu, tukapata endelevu, kitu chenye tabia ya kuendelea.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko tume ya Brundtland, na lilizaliwa machimboni. Hans Carl von Carlowitz alikuwa msimamizi wa migodi katika nchi ya Saxony, Ujerumani, na tatizo lake halikuwa madini ya fedha yaliyomo ardhini bali miti: tanuri za kuyeyushia mawe zilikuwa zimekula misitu, na pasipo kuni mgodi ungekufa ukiwa bado una madini. Mwaka 1713 alichapisha kitabu kuhusu ukuzaji wa misitu, akashauri miti itumiwe kwa namna ya kudumu, kwa kukata kiasi ambacho msitu unaweza kukirudisha. Mafundi wa misitu wanaosema Kiingereza walikuja kuuita utaratibu huo "sustained yield". Wachimbaji wa nchi hiyo hiyo ndio waliotupa jina jingine tunalolifahamu sana: walipochoma mawe fulani wakitarajia metali yenye thamani na kupata moshi wenye sumu ya aseniki, walimlaumu pepo aitwaye Kobold, na leo madini hayo, ambayo zaidi ya theluthi mbili ya yanayochimbwa duniani hutoka Kongo, yanaitwa kobalti na huwekwa katika betri za magari yanayouzwa kwa sifa ya kuwa "sustainable".

Hesabu ya Carlowitz ingali inafanya kazi kando ya Lubumbashi, ambako miti ya miombo hukatwa, hupangwa katika tanuri za udongo, kisha huingia mjini ikiwa magunia yaliyofungwa kwa majani juu ya baiskeli. Msitu ukikatwa kwa zamu na kuachwa uchipue, magunia hayo ni "sustainable". Ukikatwa kila mwaka mbali zaidi na mji kuliko mwaka uliopita, si "sustainable", hata kama jikoni moto wake ni "durable" na chungu cha bukari, yaani ugali wetu, kimeiva vizuri. Kilichomo ndani ya magunia hayo, humu mjini huitwa makala. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba umenunua gunia zima la makala, atadhani umenunua magazeti, kwa sababu yeye husema mkaa, na makala kwake ni kitu kama hiki unachokisoma.