Domodomo, nyaya mbili na yale tunayodanganyana

"Domodomo ana umeme? Mbona hajawahi kunipiga?" Ukiagiza samaki huyu akiwa hai kwenye soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, jiandae kwa swali hilo. Umeme anao, unatoka kwenye ogani iliyo karibu na mkia, ila ni hafifu mno kwa mkono kuuhisi. Huutumia kupapasa njia gizani na kuwasiliana na wenzake. Kuuona kunataka elektrodi mbili majini, yaani ncha za kunasa umeme, na amplifaya ya kuukuza, na hapo ndipo dhana potofu huzaliwa.

Inayopoteza muda kuliko zote ni kwamba katika kurekodi kwa baipola (elektrodi mbili kwa chaneli moja) kila elektrodi huleta ishara yake. Sivyo. Amplifaya hutoa ya huku kwenye ya kule, kisha hukuza tofauti. Kelele ya umeme wa ukutani, mizunguko 50 kwa sekunde, ikizifikia zote sawasawa hufutika kwa sehemu kubwa. Lakini hata samaki anaweza kufutika! Akikingama katikati ya elektrodi hizo, kichwa na mkia viko umbali uleule kutoka kila elektrodi. Tofauti ni sifuri, na watu huanza kulaumu waya. Akigeuka nyuma mbele, wimbi nalo hupinduka juu chini. Nimeona wanafunzi wakihesabu samaki wawili kwenye beseni lenye mmoja.

(Elektrodi zangu ni vijiti vya kaboni vya betri kuukuu za tochi. Havipati kutu.)

"Mbili zinatosha, ya tatu ya nini?" Bila elektrodi hiyo ya tatu (graundi) majini, volteji huelea hadi ivuke uwezo wa amplifaya, na mstari ukagandia juu ya skrini. Ichomekwe kwenye tundu lake la amplifaya, si kwenye bomba wala ethi ya jengo, hasa siku utakapopima misuli ya mtu, kwa usalama wake.

Adapta ya baipola nayo hudhaniwa ni plagi ya kubadili mdomo tu. Amplifaya nyingi za mawimbi ya ubongo hulinganisha chaneli zote na rejea moja, yaani elektrodi moja ya kulinganishia. Adapta hii huipa kila jozi tofauti yake. Huna? Rekodi nukta zote mbili kwa rejea ileile, utoe moja kwa nyingine kwenye kompyuta.

Isichoweza kuokoa adapta ni kasi ya kurekodi. Mipigo mingi ya jamii hii ya samaki haimalizi milisekunde chache. Mashine iliyowekwa sampuli (vipimo) 250 kwa sekunde huchungulia kila milisekunde 4. Domodomo ameshapiga na kunyamaza. Baada ya amplifaya, kadi ya sauti ya kompyuta yenye sampuli 44,100 humnasa vizuri.