Buibui Aliyetaka Kuisingizia Setilaiti

Vipimo viwili vya uchafu wa hewani vilipokataa kukubaliana, kimoja cha setilaiti na kimoja cha chombo chetu cha ardhini, kwanza niliilaumu setilaiti. Ndivyo wengi wetu tufanyavyo vipimo vya angani vikigombana na vya ardhini. Chombo cha ardhini si unakiona, unakishika?

Kituo chenyewe kiko pwani. Kina fotomita ya jua kama zile za AERONET, mtandao wa NASA ambao hapa Kenya umewahi kupima Nairobi, Malindi na Mbita. Fotomita hulitazama jua kupitia bomba jembamba, ikakokotoa mwanga uliozuiwa njiani na vumbi, moshi na chumvi ya bahari. Jibu lake huitwa AOD, yaani kipimo cha jinsi chembe za hewani zinavyozuia mwanga. Likiwa 0.5 na jua liko utosini, karibu asilimia 40 ya miale ya moja kwa moja imezuiwa.

Setilaiti ya Aqua, yenye kihisi cha MODIS ambacho nacho hukadiria AOD, kwa miaka mingi ilipita mnamo saa saba na nusu mchana. Basi mimi huchukua wastani wa fotomita wa nusu saa kabla na nusu saa baada, nikaulinganisha na wastani wa setilaiti ndani ya kilomita 25 hivi. Huku kwetu duara hilo nusu ni maji, nusu ni nchi kavu yenye mchanga mweupe, na mchanga huichanganya setilaiti: mwanga huu umerudishwa na vumbi au na ardhi? Nikajua nimempata mwizi.

Ila grafu ya fotomita ilikuwa na kilima. Kila siku, asubuhi chini, adhuhuri juu, jioni chini. Vumbi gani hilo linalotazama saa?

Kitu kikiziba mwanga ndani ya bomba, mashine hudhani ni uchafu wa hewani. Asubuhi na jioni miale hupita kwenye hewa nene, na kosa hugawanywa kwa unene huo, likapungua. Jua likiwa utosini hakuna cha kuligawanya. Linabaki zima, tena karibu na saa ile ile setilaiti inapopita!

Fundi alifungua bomba akakuta utando wa buibui, mwembamba kama pumzi. Kesho yake kilima hakipo. Tofauti iliyobaki ilikuwa 0.04, na MODIS juu ya nchi kavu huruhusiwa kukosea 0.05 ukiongeza asilimia 15 ya AOD yenyewe.

Data ya majuma sita tuliitupa. Buibui akarudi mwezi uliofuata, kwa hiyo sasa bomba huchunguliwa kila Jumatatu.