Kabla ya jaribio la grafu: kanuni nusunusu zinazowaponza wanafunzi

Jaribio la grafu na hesabu za kutolingana likikaribia, wanafunzi wa sekondari hapa Dodoma hukaa vikundi vya jioni na kupokezana kanuni. Nyingi kati ya hizo ni nusu ya kweli, na mtoto huzitumia akiwa na uhakika kabisa kwamba yuko sahihi. Wazazi na walimu wa masomo ya ziada, tuzisikilize kabla ya kuongeza maswali mapya.

"Ukiona hasi, geuza alama."

Hii ndiyo inayopoteza maksi nyingi. Alama ya kutolingana (<, >, ≤ au ≥) hugeuka pale tu unapozidisha au kugawanya pande zote mbili kwa namba hasi. Katika 2x < −8 hasi ipo, lakini tunagawanya kwa 2, hivyo jibu ni x < −4, alama haiguswi. Katika −3x ≤ 12 tunagawanya kwa −3, hivyo x ≥ −4. Mwanafunzi anastahili kuelezwa sababu: 2 ni ndogo kuliko 5, lakini −2 ni kubwa kuliko −5. Ukizidisha kwa hasi, mpangilio kwenye mstari wa namba unapinduka. Akishaona hilo kwa macho yake, hana haja ya kukariri.

"Hesabu lazima iwe na jibu moja."

Mlinganyo wa kawaida umemzoesha mwanafunzi hivyo. Mpe mfano wa mkulima wa Kibaigwa mwenye ekari 10: x za mahindi, y za alizeti, na alizeti isipungue ekari 4. Tunaandika x + y ≤ 10, y ≥ 4, na x ≥ 0 kwa kuwa hakuna ekari hasi. Mahindi 3 na alizeti 5 inakubalika, japo ekari 2 zinabaki bila kulimwa. Mahindi 6 na alizeti 4 inakubalika pia, na shamba linaisha lote. Mahindi 7 na alizeti 4 haiwezekani, shamba halitoshi. Majibu yote yamo ndani ya pembetatu yenye ncha (0, 4), (0, 10) na (6, 4), pamoja na kingo zake. Mwache aichore mwenyewe, kisha achague nukta yoyote ndani yake na aseme mkulima atapanda nini. Kwangu mimi, zoezi hili moja lina faida kuliko maswali kumi ya kunakili ubaoni.

"Kubwa kuliko, kivuli juu."

Yaani, ukiona >, tia kivuli eneo lililo juu ya mstari kuonyesha majibu. Ni kweli iwapo tu y imebaki peke yake upande wa kushoto. Chukua 3x − 2y > 6. Ukiipanga inakuwa y < 1.5x − 3, kumbe kivuli ni chini ya mstari! Njia salama ni kupima nukta. Weka (0, 0): 0 > 6 si kweli, basi upande wenye (0, 0) sio wenyewe. Mstari ukipita kwenye (0, 0), kama y = 2x, pima nukta nyingine, mfano (1, 0). Tena asome swali vizuri, maana mengine huagiza kutia kivuli eneo lisilotakiwa.

"Mstari mzima au wa katikakatika ni mapambo tu."

Hapana. Kwa ≤ na ≥ mstari wa mpaka wa eneo ni mzima, kwa sababu nukta zake ni sehemu ya jibu. Kwa < na > unakatwakatwa.

"Grafu inataka jedwali refu."

Kuchora mstari mnyoofu zinatosha nukta mbili, ya tatu ni ya kuhakiki. Kwa 3x − 2y = 6, weka x = 0 upate (0, −3), weka y = 0 upate (2, 0). Ukiweka x = 4 unapata y = 3. Nukta hizo zisipokaa kwenye mstari mmoja, kuna mahali amekosea, na bado ana muda wa kurekebisha kabla karatasi hazijakusanywa.